Sugu za Vidole

Mzee aliyenifundisha kuosha maiti hakuanza na maji, alianza na ulimi. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye benchi nje ya chumba cha josho, akanishika goti, akasema: "Mwanangu, humo ndani utaona mambo. Ukiona jema, toka nalo uwape wafiwa, litawapoza. Ukiona baya, lizike pamoja na mwenyewe." Akanyamaza kidogo, kisha akaleta la tatu: "Na usimwongezee kitu. Hata uzuri, usimwongezee."

Mawili ya kwanza niliyasikia tangu chuoni, Tanga, nikiwa mtoto. Yamo katika vitabu vya fiqhi, na kila aliyewahi kushika kata ya maji juu ya maiti anayajua. La tatu ni la yule mzee mwenyewe. Lilinichukua miaka kulielewa, na nililielewa kwa njia ambayo yeye, Mungu amrehemu, asingeitarajia: kwa kusikiliza gitaa.

Mwezi ujao, inshallah, natimiza miaka 60. Binti yangu, aliyezaliwa hapa London na anayezungumza Kiswahili cha Tanga kama bibi yake, ameniambia nichague zawadi. "Baba, makasha ni matatu. Nanunua moja tu, na wewe ndiye mchaguzi." Makasha anayoyasema ni ya rekodi za Jimi Hendrix. La kwanza limevishwa kitambaa cha zambarau kama mahameli. Lilitoka mwaka 2000 na lina CD 4. La pili ni West Coast Seattle Boy, la mwaka 2010, lenye CD 4 na DVD moja. La tatu ni Songs for Groovy Children, la mwaka 2019, lenye CD 5. Yote matatu kwa sehemu kubwa yamebeba vitu ambavyo mwenyewe hakuvitoa alipokuwa hai.

Siku hizi kila wimbo umo kwenye simu, hilo najua. Lakini kusikia kitu njiani ni jambo moja, na kukikaribisha nyumbani kikae rafuni karibu na msahafu na picha za wazee ni jambo jingine. Mtu mwingine angeuliza lipi lina sauti safi, lipi lina nyimbo nyingi kwa bei ileile. Mimi wiki nzima nimekuwa na swali moja tu: katika alivyoviacha marehemu, kipi ninayo haki ya kukisikia?

Wapo ndugu zangu msikitini watakaosema swali langu limeanzia katikati, kwamba ala zenyewe haziruhusiwi. Nawaheshimu. Wanazuoni wamehitilafiana katika hilo tangu kale, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nilikulia Ngamiani, ambako harusi haikuwa harusi bila taarabu, na marehemu baba yangu aliswali swala tano huku akizijua nyimbo za kikundi cha Black Star tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hendrix naye hakuwa Mwislamu, na simfanyi Mwislamu. Ninachokisemea hapa ni adabu ya aliye hai mbele ya aliyekufa, na adabu hiyo kila kaumu inayo.

Alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 27 Novemba 1942. Alitumia mkono wa kushoto, akayapiga magitaa ya watu wa kulia kwa kuyageuza juu chini na kuzipanga nyuzi upya. Aliingia London tarehe 24 Septemba 1966 hakuna anayemjua. Akafia London tarehe 18 Septemba 1970 dunia nzima inamlilia. Hesabu: miaka 4 kasoro siku 6. Katika muda huo alitoa albamu 3 za studio, Are You Experienced na Axis: Bold as Love mwaka 1967, na Electric Ladyland mwaka 1968, halafu moja ya jukwaani, Band of Gypsys, mwaka 1970. Hizo alizipitisha mwenyewe. Zilizotoka baada yake ni nyingi kuliko hizo mara kadhaa, na kila moja ilipitishwa na mkono wa mtu mwingine. Alikufa na miaka 27, na wosia hakuacha.

Kwenye mtaa wa Brook Street, katikati ya jiji hili, kuna nyumba mbili zilizogusana ukuta. Namba 25 aliishi mtunzi wa muziki George Frideric Handel tangu 1723 mpaka kifo chake mwaka 1759. Namba 23, ghorofa ya juu, aliishi Hendrix mwaka 1968 na 1969. Leo zote mbili ni makumbusho moja. Nilikwenda na binti yangu. Chumba cha kulala cha Hendrix kimepangwa upya kwa kufuata picha za zamani, kitanda na vitambaa vyake, na wageni wanaingia na kutoka. Mimi nilipofika kizingitini miguu ilisita, na mdomo ukatamka hodi wenyewe, kwa mazoea. Hapakuwa na wa kuniitikia karibu. Binti yangu alinitazama, akanishika mkono, tukaingia.

Upande wa pili wa ukuta ule, Handel aliandika wosia mwaka 1750, akawa anauongezea vifungu kadiri miaka ilivyokwenda. Vitabu vyake vya muziki alivitaja humo, akamwachia msaidizi wake, John Christopher Smith. Yule alikufa mzee wa miaka 74, alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Huyu kijana alikuwa katikati ya kazi. Tarehe 26 Agosti 1970, wiki tatu na ushei kabla ya kufa, ilifanyika sherehe ya kuifungua studio yake mwenyewe, Electric Lady, huko New York, na mikanda ya albamu aliyokuwa akiitayarisha ilikuwa bado haijakamilika. Alitoka bila kuaga, kama mtu anayekwenda dukani kurudi.

Sheria ikampa kila kitu baba yake, Al Hendrix. Kwa miaka zaidi ya 20 kazi zile ziliendeshwa na watu wengine, mpaka mwaka 1995, baada ya kesi, ndipo zikarudi mikononi mwa mzee. Al alipofariki mwaka 2002, wanawe nao wakafikishana mahakamani. Sisi tunaoshinda kwenye misiba tunaujua mwendo huo. Kaburi halijakauka, watu wameshahesabu minazi.

Sasa nirudi kwenye neno la tatu la mzee wangu.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Siku moja meli ilitia nanga Tanga, akashuka na begi lenye kaseti sita, akanipa moja. Haikuwa na jalada. Jina lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu. Nilikuwa na miaka kama 15. Tuliisikiliza kwenye redio kaseti ya nyumbani, betri zikichoka tunazianika juani zipate nguvu, mkanda ukilegea tunaukaza kwa kalamu. Sikuelewa neno hata moja. Nilichokielewa ni lile gitaa, na zaidi dramu iliyokuwa ikitembea chini yake, imara, sawasawa, kama mtu anayemsindikiza mwenzake usiku. Niliipenda ile dramu kwa miaka mingi.

Nilipofika London nikakuta jalada lake, nikasoma. Kaseti ile ilikuwa Crash Landing, iliyotoka mwaka 1975, karibu miaka 5 baada ya mwenyewe kuzikwa. Mtayarishaji Alan Douglas alichukua mikanda ya Hendrix, akawaondoa wengi wa wapigaji waliorekodi naye, akaita wapigaji wa studio wapige dramu, besi na gitaa la pili upya, juu ya gitaa la marehemu. Katika nyimbo kadhaa jina la mtayarishaji likaandikwa kuwa mtunzi mwenza. Wanaomtetea husema mikanda ilikuwa mbichi, na kwamba bila kazi ile ingebaki kabatini. Huenda nia ilikuwa njema. Nia anaijua Mungu. Lakini mimi nilikaa na jalada lile mapajani nikajiona kama mtu aliyeambiwa kuwa barua za mchumba wake zilikuwa zinaandikwa na jirani. Msindikizaji wangu wa usiku hakuwahi kutembea na yule aliyemsindikiza.

Miaka michache baadaye nilimwosha mzee mmoja wa kwetu pwani. Nilipotoka, mjane wake alinisubiri kwenye ukumbi mdogo, amejifunika kanga, akaniuliza swali moja tu: "Baba, alitabasamu?" Hakutabasamu. Uso wake ulikuwa umetulia, kinywa kimefumba, kama mtu aliyesinzia kwenye basi akitoka kazini. Nakumbuka jinsi neno ndiyo lilivyonijaa mdomoni. Lilikuwa neno jepesi, la huruma, na lingemfaa usiku ule. Nikamwambia, "Uso wake umetulia, mama. Umetulia sana." Akalirudia, umetulia, umetulia, akaenda nalo.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wangu. Ningesema ametabasamu, yule mama angeishi na tabasamu langu miaka yake iliyobaki, na uso wa mumewe ungepotea. Uongo mzuri humzika mtu mara ya pili. Maiti hawezi kukataa unachompa, na kwa kuwa hawezi kukataa, usimpe kisicho chake. Kupunguza kuna udhuru wake: mtu hunyamaza kwa staha. Kuongeza hakuna.

Makasha ya binti yangu yametoka katika zama nyingine, baada ya kazi kurudi kwa familia, na mtu mmoja anayeonekana ndani yake ni Eddie Kramer, fundi mitambo aliyemrekodi Hendrix tangu mwaka 1967, akiwa mzima, akicheka, akikosea na kuanza upya. Hilo linanipa utulivu. Aliyemjua mtu akiwa hai ana aibu ya kumsingizia akiwa maiti.

Kasha la mwaka 2019 halikunitatiza. Ni maonyesho manne ya ukumbi wa Fillmore East, New York, mawili usiku wa tarehe 31 Desemba 1969 na mawili tarehe 1 Januari 1970, Hendrix akiwa na Billy Cox kwenye besi na Buddy Miles kwenye dramu. Cox alikuwa mwenzake tangu jeshini, walikokutana mwaka 1961. Maonyesho yale yana habari ya deni. Mwaka 1965, kabla hajajulikana, Hendrix alitia saini mkataba wa dola 1 na mgawo wa asilimia 1, na mkataba ule ukamfuata alipopata jina. Albamu iliyotokana na Fillmore ndiyo aliyoitoa kulipa. Kwetu mali ya marehemu, baada ya gharama za maziko, deni hutangulia wosia na mirathi. Hendrix aliwahi kulipa lake kwa mkono wake, kwa gitaa, mbele ya watu. Kutoka siku zile mbili alichagua nyimbo 6, zote za siku ya pili. Machine Gun peke yake inapita dakika 12, na ukiisikiliza unaona vita ya Vietnam bila kuonyeshwa picha.

Mtu anaweza kusema: alichagua 6, basi 6 ndizo halali, mengine tuyaache. Nililipima hilo nikaona halina uzito. Alichokipiga ukumbini kilikwisha kutoka kwake. Watu walikaa vitini wakakisikia, wakaondoka nacho nyumbani. Hakuna siri iliyofunuliwa hapo. Ni kama hotuba ya Ijumaa: khatibu akishaitoa, aliyekuwa safu ya nyuma anayo haki ya kuisimulia. Kasha hili ni safi, na nilikaribia kulichagua.

Kasha la mwaka 2010 ndilo lililoninyima usingizi. CD yake ya kwanza inaanza mbali, Hendrix akiwa kijana wa kukodiwa, amesimama nyuma ya Isley Brothers, Don Covay na Little Richard, kati ya 1964 na 1965. Hiyo naipenda. Unamsikia mtu ambaye jina lake halipo kwenye jalada, amepewa nafasi ndogo, na ndani ya nafasi ile ndogo tayari ni yeye. Lakini mbele yake zimo rekodi za mwaka 1968, Hendrix peke yake chumbani New York, na gitaa na mashine ya kurekodia. Zimo nyimbo za Angel na 1983 kabla hazijavaa nguo. Nilizisikiliza mara moja. Sauti iko karibu mno. Kuna mahali anaimba kama mtu anayejiimbia akijua hakuna anayemsikia.

Sasa, Hendrix aliionea haya sauti yake. Kramer amesimulia mara nyingi kwamba zamu ya kuimba ilipofika studioni, Hendrix alitaka taa zififizwe na awekewe vizuizi asionekane. Mtu aliyelijaza jukwaa, aliyewasha gitaa moto mbele ya umati wa Monterey mwaka 1967, aliomba pazia ili aimbe. Nami kazi yangu naifanya nyuma ya pazia. Tunamfunika maiti kitambaa kuanzia kitovuni hadi magotini, mkono tunauvisha kitambaa, tunapitisha maji chini yake bila kutazama. Hatufunui kwa sababu tu hawezi kutukataza. Niliposikia ile sauti ya chumbani nilihisi kitambaa kimeteleza, na nikazima.

Nilimweleza binti yangu hivyo jikoni, akiwa anakanda unga wa chapati. Hakukubali, na hoja zake ni nzito kuliko nilivyotaka ziwe. "Baba," akasema, "mashine aliiwasha nani? Asingetaka kusikika angeimba bila kurekodi. Mkanda ungemkera angeufuta." Kisha akanipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. "Na Muyaka je? Si wewe uliyenisomesha Muyaka?"

Amesema kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840, na hakuacha diwani iliyopangwa. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu, mpaka miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua alipozikusanya, moja moja, akishirikiana na mmishenari Taylor. Kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka 1940. Hakuna aliyemuuliza Muyaka lipi litoke na lipi libaki. Zimo tungo za vita na Unguja, na zimo za mambo ya nyumbani, za huba na manung'uniko, ambazo labda alizitungia mtu mmoja tu. Kama Mwalimu Sikujua angekuwa na moyo wangu, akasema hili ni la chumbani nisiliguse, sisi leo tungekuwa maskini. Nimefundisha watoto wangu Kiswahili kwa tungo zile. Siwezi kula nazi nikalaani aliyepanda mnazi.

Nilikaa na hoja hiyo siku mbili. Jibu nililolipata lilikuja nikiwa kazini, tukiwa wanne chumbani na nje wakingoja watu zaidi ya mia mbili. Waoshaji ni wachache, wanaoswalia ni wengi, na ndivyo inavyopasa. Anayeosha lazima aone, kwa kuwa asipoona hawezi kumstiri. Anayeswalia humsimamia marehemu bila kumwona, na swala yake haina upungufu. Basi mikanda yote ihifadhiwe, usichomwe hata mmoja. Wawepo watu waaminifu wanaoijua yote, wanaoweza kusema hiki ni chake na hiki kimepachikwa. Bila wao, Crash Landing ingepita kuwa ndiyo kweli. Sikujua alikuwa mwoshaji wa Muyaka, na tuna deni kwake. Lakini kwa Hendrix mimi si mwoshaji. Mimi niko safu ya nyuma kabisa, nimekuja kwa mapenzi. Kuwepo kwa kitu hakunilazimu kukitazama, na mapenzi yasiyojua kusimama nje ya mlango ni uroho uliovaa kanzu.

Sisemi atakayelinunua kasha la pili ametenda kosa. Huenda Hendrix aliiwasha ile mashine kwa ajili yetu. Binti yangu anaamini hivyo, na moyo wake ni safi kuliko wangu. Nasema tu kwamba mimi nilisema hodi, sikuitikiwa, na mara hii sitaingia.

Likabaki la zambarau. Nalo lina mikanda aliyoiacha: nyimbo zilezile tunazozijua zikipigwa kwa namna nyingine, majaribio, vianzio. Kwa nini la chumbani nilikatae na hili nilikubali? Jibu ni vidole vya mtu mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa maiti ya mzee wa Lamu aliyekuwa mpishi hapa London karibu maisha yake yote. Tulianza kuliani kama ilivyo ada. Nilipofika mkono wa kushoto, nikivifungua vidole kuvipitishia maji ya mkunazi, nilihisi ncha zake ngumu. Kidole cha shahada, cha kati, cha pete na kidogo, kila kimoja kina kofia ya ngozi nene, na katikati ya kofia mfereji mwembamba. Nimezijua sugu zile tangu utoto. Rafiki wa baba yangu, mpiga udi, alikuwa akitubonyeza nazo mashavuni tukilia kwa kicheko. Sugu ya nyuzi hulainika mtu akiacha kupiga. Zile zilikuwa mbichi.

Nilisimama na kata mkononi. Je, hili ni jema la kutoka nalo, au ni la kuzikwa? Mzee yule hakuna aliyemjua kama mpigaji. Nikafikiri hivi: sugu haisemi alipiga nini, wala alimpigia nani, wala alilia au alicheka akipiga. Inasema jambo moja tu, kwamba alirudia. Usiku baada ya usiku, mahali palepale pa kidole, uzi uleule. Kurudia si aibu. Kurudia ni ibada ya fundi kwa kazi yake. Nikatoka, nikamwita mwanawe mkubwa kando, nikamwambia, "Baba yako ana vidole vya mpiga udi." Kijana alinyamaza, macho yakamjaa, akasema, "Alipiga harusini zamani, kabla hatujazaliwa. Tulijua aliacha." Akakitazama kiganja chake mwenyewe. "Kumbe ile haikuwa redio."

Kasha la zambarau ni sugu za Hendrix. Humo yuko kazini, taa nyekundu inawaka, wenzake wamo chumbani, anakitafuta kitu ambacho mwishowe alikusudia tukisikie. Kuna Third Stone from the Sun ambamo yeye na Chas Chandler, aliyemleta Uingereza, wanajaribu kusema maneno ya wasafiri wa angani, wanashikwa na kicheko, wanaanza tena. Gypsy Eyes, inasimuliwa, ilirudiwa zaidi ya mara 50 kabla hajaridhika, mpaka Chandler akachoka. Sisi tuliopewa ile moja iliyokamilika tulidhani ilishuka kama mvua. Hatukumtendea haki. Tukimwita mtu mwenye kipaji tukaishia hapo, tunamnyang'anya jasho lake, na jasho ndilo hasa lililokuwa mali yake, kipaji alipewa.

Kwa hiyo kipimo changu, kwa anayekitaka, ni kile cha benchi la nje ya chumba cha josho. Usiongeze. Alilolifunika lifunike. Sugu zake zitaje kwa sauti, watu wajue alifanya kazi.

Jana baada ya swala ya isha nilimpigia binti yangu. "Mwanangu, la zambarau." Akacheka, akasema alishajua, na kwamba la Fillmore atajinunulia mwenyewe mshahara ukitoka. Kisha akaniuliza nitaanza na CD ipi.

Nitaanza na ya nne, mwishoni kabisa. Kuna kipande kinaitwa Slow Blues, kifupi, hakifiki dakika 2, cha mwaka 1970. Hendrix anaingia taratibu, gitaa linapanda kama mtu anayekwea ngazi za mnara, unajua kabisa anakokwenda, na kabla hajafika mkanda unakatika. Hakuna kilio, hakuna mwangwi, ni kimya tu. Watayarishaji walikuwa na mitambo na wapigaji wa kila namna wa kumfikishia zile ngazi zilizobaki. Hawakumwongezea hata moja.